Kiingereza cha melini: anzia hapa kabla ya kuhangaika na gramma

Kila nikikaa na vijana wanaotaka kwenda baharini linakuja swali lilelile, eti Kiingereza changu cha kubahatisha, hivi melini nitaweza kweli? Huwa nacheka kwanza. Nimeshashika zamu na ofisa aliyekuwa anamwaga Kiingereza mpaka unatamani kukaa chini umsikilize, maneno marefu marefu, ila akishika redio meli ya upande wa pili inamjibu "say again" mara tatu mpaka anatoka jasho. Halafu nimefanya kazi na serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia wa deki, ambaye hawezi kukusimulia hata filamu aliyoangalia jana usiku, lakini mpe oda ya kamba kwenye upepo na mvua na makelele ya winchi, hakosei. Kiingereza cha melini ni kidogo, kikavu, na kimechongwa makusudi ili anayekusikia asipate nafasi ya kuelewa vingine. Kwa hiyo kujifunza kwake nako kuna njia yake, na mimi ningekushauri uende hivi.

Hatua ya 1: tafuta misemo yenyewe, achana na vitabu vya hadithi

Shirika la kimataifa la mambo ya bahari, IMO, lilitoa orodha ya kwanza ya maneno ya uongozaji meli mwaka 1977, halafu Novemba 2001 likapitisha ile inayotumika mpaka leo, SMCP, yaani misemo sanifu ya mawasiliano baharini. Ukitaka kuitafuta andika azimio A.918(22) utaipata. Humo ndani kuna sentensi tayari za kila kitu, meli na meli, meli na nchi kavu, rubani (yule anayeingiza na kutoa meli bandarini) na briji (chumba cha kuongozea meli), moto, mtu kuanguka majini, mizigo, abiria. Usiogope unene wake, hakuna anayeikariri yote.

Chagua kipande chako. Mkataba wa STCW unaotawala vyeti vya mabaharia umegawa vizuri tu: ofisa wa deki lazima aimudu SMCP na aweze kusoma chati, taarifa za hali ya hewa na kuongea na vituo vya pwani. Ofisa wa injini lazima aongee na kuandika Kiingereza na asome vitabu vya mashine. Baharia wa kawaida anayeshika usukani anatakiwa azielewe oda za usukani kwa Kiingereza. Kama wewe ni huyo wa mwisho, kurasa zako za lazima kabisa ni chache sana, utazimaliza ndani ya wiki, ukizirudia kwa sauti lakini, sio kwa macho.

Na usije ukadhani kila meli lazima wote waongee Kiingereza mpaka mezani. SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, sura ya 5 kanuni ya 14 inasema kila meli iwe na lugha yake ya kazi, iandikwe kwenye logibuku, na kila mtu aweze kupokea oda na kuijibu kwa lugha hiyo. Inaweza kuwa Kichina, inaweza kuwa Kirusi. Ila briji ikiongea na meli nyingine au na nchi kavu mambo ya usalama, au ikiongea na rubani, ni Kiingereza, isipokuwa kama wahusika wote wana lugha nyingine moja wanayoielewa. Lugha ya kazi ikiwa haipo watu wanakufa, sisemi kwa kutisha. Aprili 1990 feri ya Scandinavian Star iliwaka moto ikiwa njiani kati ya Norwe na Denmark, wakafa watu 159, na moja ya mambo yaliyoonekana baadaye ni kwamba mabaharia wengi hawakuwa na lugha ya kuelewana na abiria.

Hatua ya 2: ondoa adabu na mapambo

Hii inawasumbua sana watu wetu maana sisi tumelelewa kuomba kwa kuzungukazunguka, tafadhali mkubwa, samahani, naomba kama itawezekana. Kwenye redio hayo yote yanaziba njia. SMCP yenyewe inakuonya na maneno kama "may", "might", "could", "should" na "can". Mtu akisema "May I enter the fairway?", fairway ikiwa ni njia ya meli kupita, hujui anaomba ruhusa, au anauliza kama kina kinatosha, au anawaza tu kwa sauti. Sema "Question, do I have permission to enter the fairway?" Imekuwa ndefu kidogo, ndiyo, lakini haina pa kuteleza.

Hilo neno "Question" la mwanzoni ni moja kati ya vialama vinane vya ujumbe, unakitanguliza ili msikilizaji ajue kinachokuja ni nini kabla hakijafika: Instruction, Advice, Warning, Information, Question, Answer, Request, Intention. Viwili vya kwanza ndivyo uvishike kabisa. Kituo cha kuongoza meli kikikwambia "Instruction" hiyo ni amri yenye sheria nyuma yake. Kikikwambia "Advice" ni ushauri, uamuzi unabaki kwa kapteni wako. Nimeona ofisa akitii "Advice" kama amri bila hata kumwamsha kapteni, meli ikasogea karibu na nyavu za wavuvi kuliko ilivyotakiwa, na asubuhi yake maelezo yalikuwa mengi.

Hatua ya 3: acha kujibu "yes" peke yake

Hapa nisikilizeni vizuri maana ni ugonjwa wa lugha yetu, na mimi umenila. Nilikuwa kadeti, yaani ofisa mwanafunzi, tunajaza maji ya balasti, yale ya kuipa meli uzito itulie, mimi niko deki pembeni ya vali nasubiri oda. Chifu, yaani ofisa mkuu wangu, akaniita kwenye woki-toki, "You didn't close the valve yet?" Kichwani mwangu nikalisikia kwa Kiswahili, bado hujafunga vali? Na kwa Kiswahili ukiulizwa hivyo na kweli hujafunga unajibu ndiyo, yaani ndiyo kama unavyosema, sijafunga. Nikajibu "Yes, sir." Chifu naye Kiingereza sio cha mama yake, akaelewa yes, imefungwa, basi yeye anaendelea na pampu akijua maji yanaenda tanki linalofuata. Dakika chache tu maji yakaanza kububujika kwenye bomba la hewa la tanki, deki nzima inaelea, na mimi nimesimama pale na buti zimejaa nashangaa kosa liko wapi.

Bahati yalikuwa maji safi ya balasti. Yangekuwa mafuta nisingekuwa nawaandikia hapa kwa raha hivi.

Dawa yake iko kwenye SMCP tangu zamani: jibu lianze na "Yes" au "No" halafu rudia sentensi yote. "No, valve number three is not closed." Hata ukikosea hiyo yes na no ya mwanzo, sentensi inayofuata inakuokoa. Kama huna jibu sema "Stand by" na utaje muda wa kurudi, na kama hutaweza kulipata sema huna. Kukaa kimya ndio kubaya zaidi.

Hatua ya 4: namba na saa

Namba zinatamkwa tarakimu mojamoja. Uelekeo 150 ni "one-five-zero", sio "one hundred and fifty", maana "fifteen" na "fifty" kwenye redio inayokwaruza ni mapacha. Nukta ni "decimal". Tatu tamka "tree", tano "fife", nne "fower", tisa "niner", elfu "tousand". Wengine wanaona aibu wanasema hiyo si lafudhi mbovu? Hapana ndugu yangu, ndivyo ilivyoandikwa, na kwa Mswahili ni zawadi kabisa. Isipokuwa moja: pembe za usukani zinasemwa nzima, "fifteen", "twenty", hizo usizikate.

Ukikosea usijikanyage na "sorry sorry I mean". Sema "mistake", kisha "correction", kisha kitu sahihi. "My speed is one-four knots, mistake, correction, my speed is one-two knots." Na kuna watu hawajui kwamba "repeat" na "say again" ni vitu viwili: "say again" unasema wewe ambaye hujasikia, "repeat" anasema anayeongea pale anapotaka kukazia, mfano "my draft is one-two decimal six, repeat, one-two decimal six metres". Ukimwambia mtu "repeat" ukitaka arudie anaweza kudhani unamkazia kitu chako.

Saa sasa. Sisi saa yetu inaanza kuhesabu jua likichomoza, wao usiku wa manane, tofauti saa sita kamili. Mchana kweupe huwezi kukosea, ila umeamshwa saa tisa za usiku, unaulizwa muda wa kufika kwa rubani, kichwani una saa nne asubuhi, mdomo unatoa "zero four hundred" badala ya "one zero zero zero". Nimesikia hiyo kwa masikio yangu. Ushauri wangu: ukiwa melini acha kabisa kufikiri kwa saa ya Kiswahili, hata saa yako ya mkononi iweke kwenye masaa 24. Na ukitaja muda kwenye redio taja pia kama ni UTC, yaani saa ya kimataifa, au ni saa za pale mlipo.

Mahali nako kuna mtego. Ukitoa mahali ulipo kwa kutumia mnara wa taa, uelekeo unaousema ni kutoka kwenye mnara kuja kwako, sio kutoka kwako kwenda kwenye mnara. Ukigeuza umejiweka upande wa pili wa mnara, yaani pengine nchi kavu.

Hatua ya 5: usukani

Kwanza kushoto na kulia zife. Kuna "port" na "starboard", unaangalia mbele ya meli, port kushoto, starboard kulia, hata wewe ukigeuka ukaangalia nyuma hazibadiliki. Zamani port ilikuwa inaitwa "larboard", sasa fikiria mtu anapiga kelele larboard na starboard kwenye dhoruba, jeshi la majini la Uingereza likaiacha rasmi mwaka 1844. Kituko kingine, enzi za Titanic, 1912, oda ya "hard-a-starboard" ilikuwa inageuza meli kwenda port, maana walikuwa wanaongelea mkono wa usukani wa kizamani na sio pua ya meli. Miaka ya 1930 ndio wakanyoosha, leo ukiambiwa starboard pua inaenda starboard, basi.

Zamu yenyewe inakwenda hivi. Rubani yuko dirishani, hakuangalii, anasema "Port ten." Wewe unarudia hapohapo kabla hata mkono haujamaliza kuzunguka, "Port ten", macho kwenye kipimo cha usukani, mshale ukifika kumi kushoto unaripoti "Wheel port ten". Unabaki hapo. Hurudishi mpaka uambiwe. Anasema "Ease to five", unarudia, unapunguza mpaka tano. "Midships", usukani katikati. "Steady", zuia meli isiendelee kuzunguka haraka uwezavyo. "Steady as she goes", angalia dira sasa hivi inasoma ngapi, itaje kwa sauti, hiyo ndiyo utaishika. "Steer one-eight-two", unaileta mwenyewe taratibu, ukitulia unasema "Steady on one-eight-two". Na meli ikigoma kuitika usukani sema palepale, usisubiri uone.

Mtego wa usukani ni "Nothing to port". Maana yake usiruhusu pua iende port hata kidogo kupita hapo ilipo. Lakini mtu mwenye wasiwasi anasikia neno la mwisho tu. Kadeti mwenzangu siku yake ya kwanza mferejini alisikia "port" akapeleka port, bahati akairudia oda kwa sauti vibaya, akasema "port", rubani akaruka kutoka dirishani, "Nothing! Nothing to port!" Kumbe ile ya kurudia ndiyo iliyomwokoa. Angezungusha kimyakimya tungejua tukiwa kwenye matope.

Oda za injini ni rahisi, dead slow, slow, half, full, kila moja "ahead" (mbele) au "astern" (nyuma), na "stop engine", na mwisho wa safari "finished with engines" ambayo ndio oda tamu kuliko zote.

Hatua ya 6: maneno yanayojifanya unayajua

Haya mtu anayasoma kwa Kiingereza cha shuleni anapotea. "Not under command" sio kwamba kapteni hayupo, ni meli ambayo kwa sababu isiyo ya kawaida, mfano injini imekufa, haiwezi kujigeuza kukupisha. "Underway" sio lazima inatembea, ni meli ambayo haijatia nanga, haijafungwa gatini wala haijakwama, hata ikiwa imezima injini inaelea tu. Ikiwa inakata maji kwa nguvu yake ndio wanasema "making way". "Dragging anchor" nanga inaburuzika bila wewe kutaka, hiyo ni hatari. "Dredging anchor" unaiburuza kwa makusudi ili kuidhibiti meli, hiyo ni ufundi. Herufi chache tu zimebadilika na kapteni ama anakimbia briji ama anaendelea na kahawa yake. "Let go" kwenye nanga ni iangushe, kwenye kamba ni iachie, kwa hiyo taja kitu, "let go port anchor", "let go head line", usiseme let go ukanyamaza. Na "shackle" ukiambiwa kwenye mnyororo wa nanga sio pingu, ni kipimo, mita 27.5.

Hatua ya 7: redio

Sikiliza kwanza kama kuna mtu anaongea. Unamwita kwenye chaneli 16, jina lake, kisha "this is" na jina lako, mkisikilizana mnahamia chaneli nyingine haraka, 16 sio ya kupiga soga. Ukimaliza na unasubiri jibu sema "over". Ukimaliza kabisa sema "out". Ile "over and out" ya kwenye filamu ni kumwambia mtu nijibu na usinijibu kwa wakati mmoja.

Jina la meli au neno gumu litaje kwa herufi, Alfa, Bravo, Charlie mpaka Zulu. Hizi jifunze mpaka uzisome namba za magari barabarani kwa herufi hizo, mimi nilifanya hivyo watu wakaniona nimechanganyikiwa.

Dhiki ni "Mayday" mara tatu, "this is", jina la meli mara tatu, kitambulisho cha meli yako kwenye redio, mahali, tatizo, msaada unaotaka, idadi ya watu, "over". Mfano wa katikati: "I am on fire in engine-room. I require fire fighting assistance. Two-one persons on board." Kwenye redio ya kisasa unaanza na kitufe chekundu kinachopiga kengele kidijitali kwenye chaneli 70, halafu unaongea 16. Haraka isiyo ya kufa ni "Pan-pan", tahadhari ni "Securite". Kinachonichekesha ni kwamba maneno yote matatu yametoka kwenye Kifaransa, kwa hiyo usijisumbue kutafuta kamusi ya Kiingereza.

Hatua ya 8: kalamu

Logibuku ni rahisi, saa na tukio, bila mimi wala sisi. "0415 pilot on board." "0630 all fast", yaani kamba zote zimefungwa. Inatosha.

Hatari iko kwenye karatasi za mizigo. Risiti ya mizigo ikisema umepokea katika "apparent good order and condition", yaani kwa kuangalia iko salama, na wewe umeona magunia yamechanika, andika palepale, "12 bags torn", kabla ya saini, sio kumwambia karani kwa mdomo akakuitikia kwa tabasamu. Ukiletewa barua ya malalamiko na watu wa gati usikatae kuipokea na usisaini tu, andika "for receipt only" juu ya saini yako, yaani nimepokea karatasi, sijakubali yaliyomo. Maneno matatu hayo. Ukiyasahau wanasheria watakula miaka miwili kwa ajili yako.

Hatua ya 9: mazoezi na mtihani

Makampuni mengi ya kuajiri yanakupa mtihani wa Marlins kwenye kompyuta, kuna gramma, msamiati, kusoma na kusikiliza, na alama za kufaulu kila kampuni ina zake kulingana na cheo. Wengi wanaangukia kwenye kusikiliza. Kwa hiyo usisikilize Waingereza peke yao, melini utakutana na Mfilipino, Mhindi, Mchina, Mrusi, na kila mmoja anakitafuna Kiingereza kwa meno yake. Tafuta rekodi za watu hao wakiongea, sikiliza ukiwa unaosha vyombo.

Kwa matamshi, chunga irabu tunazobandika mwishoni, "midishipi", "ropu", na chunga r na l, maana "rock" ni mwamba na "lock" ni lango la mfereji. Zoezi langu la kila siku lilikuwa na mwenzangu mmoja, tunakaa tumepeana migongo, kwa sababu redio haina mdomo wa kuuangalia. Mmoja anatoa oda kumi, mwingine anarudia na kuandika. Tukimaliza tunalinganisha karatasi. Namba moja ikitofautiana, zote kumi zinaanza upya, na aliyekosea ndiye anayeenda kuchemsha chai.